Ndoo ya Mparachichi

Tangu sheria iupe kila mti mkongwe mgawo wake wa maji kama mtu, Tusekile ndiye aliyeuchotea mparachichi wa nyumbani ndoo yake kila asubuhi. Sasa majani yalikuwa yamenyauka, na mumewe, Gwamaka, alimwita bwana shamba.

Bwana shamba alifukua udongo, akavunja kipande cha mzizi na kukinusa.

“Haujaoza,” alisema. “Una kiu.”

“Kiu? Mke wangu huumwagilia kila siku.”

Tusekile aliinamisha macho. Maji yale aliyatumia kumwogesha mama mkwe, asiyeweza tena kuinuka kitandani, na kumfulia mashuka. Na kwa sheria ile, yeyote aliyeuibia mti maji alihamishwa mbali na kwao.

“Basi uongezewe maji yangu,” Gwamaka alisema. “Mti huu ndio ulionisomesha.”

Kesho yake Tusekile alisimama uani na ndoo ya mti. Ndani, mama mkwe aliita kwa aibu, “Mwanangu, nimelowana tena.”

Akaingia nayo. Alipokuwa akikamua kitambaa, alimwona Gwamaka kupitia dirisha, midomo imemkauka, akimimina maji yake ya kunywa shinani na kuuomba mti msamaha.