Kimeng'enya cha Mama

Kimeng'enya kwenye kompyuta kilifungua mdomo, kikanasa sukari, kikaivunja, kikaitema. Safi kabisa. Binti alitamani kukizaba kofi.

"Hebu kwama basi, wewe!" akakifokea.

Kilikuwa kimeng'enya cha mama yake, protini inayovunja sukari ili mwili upate nguvu. Tangu binti achumbiwe, mama hakuinuka kitandani. Madaktari walikuta hitilafu ndogo kwenye vinasaba vyake, wakashuku ndiyo inayokikwamisha kimeng'enya hicho na kuinyima misuli nguvu. Binti, ambaye hiyo ndiyo kazi yake, akaiga hitilafu ile kwenye kompyuta ili aone kinakwama wapi, dawa itafutwe. Wapi! Hakikwami.

"Labda hakijaharibika," alisema Miwani, mkuu wa maabara. "Kompyuta haimwonei mtu haya."

"Bosi, mama yangu hawezi hata kushika kikombe! Kompyuta ndiyo mgonjwa."

Miwani akaenda zake. Mama wa mtu haguswi. Binti akarudi kwenye mahesabu, akalegeza hapa, akakaza pale, mpaka kimeng'enya kikabana, sukari imenasa ndani, haivunjwi wala haitemwi. Akalia kwa furaha.

Jioni alimkuta mama amelala, pazia limefungwa.

"Nani kalifunga, mama?"

"Jirani alipita, mwanangu. Mungu ambariki."

Binti akaketi ukingoni mwa kitanda. "Nimeona kinapokwama, mama. Ila dawa itachukua miaka. Na mchumba wangu anasafiri kesho, ameshakata tiketi zote mbili."

"Nenda naye," mama akasema, sauti inakatika. "Mimi ni wa kufa tu. Usinijali."

Kile chumba kikamwia binti kidogo mno. Alimpenda yule kijana, jamani, alimpenda kweli. Lakini mama ni mama. Akampigia kijana simu palepale mbele ya kitanda, akamwambia asimsubiri, si kesho, si mwakani. Kisha akakimbilia jikoni kuchemsha maji ya kumkanda mama miguu, apate na pa kulilia.

Mvua ikaanza, upepo ukapeperusha pazia, matone yakawa yanarukia mpaka kwenye shuka. Mama akatega sikio. Huko jikoni sufuria iligonga jiko, kisha kwikwi.

Akafunua blanketi, akavaa ndala zake, akaenda kufunga dirisha.