Jumatatu ya Kusameheana

Kuku alikuwa ametaga tena kwenye kiti cha dereva. Eapen alitoa yai, akafunga mlango wa pikapu, akairudishia makuti juu.

"Kwaresima imeanza leo, mayai hatuli, na kuku ndio wanazidi kutaga," alisema mkewe, Aleyamma. "Iuze hiyo pikapu. Banda la kuku lenye magurudumu liko kwetu tu."

Eapen aliketi barazani, akafumba macho, akafanya kama Padri Skaria alivyomfundisha. Ukivuta pumzi, sema Yesu. Ukiitoa, sema jina la uliyemwekea kinyongo. Yesu. Pailo. Yesu. Pailo. Zamani taya zilikuwa zinamuuma akilitaja jina hilo. Sasa hakusikia kitu, kama anataja kijiji ambacho hajawahi kufika.

"Kifuani hamna chuki, hamna upendo," alikuwa amemwambia padri.

"Panatosha hapo. Jumatatu mtamkie msamaha kwa mdomo wako. Ukishindwa, hata Pasaka hii utabaki benchi la nyuma wenzako wakikomunika."

Hicho tu ndicho Eapen alichokitaka: kwenda mbele kupokea, kama watu wengine.

Pailo alimtenda kanisani, mbele ya parokia nzima. Hakuna aliyeinuka kumtetea Eapen. Wengine walimsifu Pailo, na hadi leo wanamsifu. Na Pailo mwenyewe, jirani wa ukuta kwa ukuta, akaendelea kumsalimia kila asubuhi.

"Jana kaleta fenesi," alisema Aleyamma.

"Mpe ng'ombe."

"Ng'ombe mwenyewe kanenepa kwa mafenesi ya Pailo. Wewe ndiye unakonda."

Walitembea kwenda kanisani. Kwenye makaburi ya watoto Aleyamma alisimama, akaweka asumini kwenye msalaba mdogo wa Rahel. Eapen alipita akitazama viatu vyake.

Ibada ilipofika mwisho, kama ilivyo desturi ya kanisa lao Jumatatu ya kuanza Kwaresima, padri alipiga magoti mbele ya waumini, akaomba msamaha wao. Kisha watu wakajipanga, wakaanza kupitiana mmoja mmoja, kila mtu akishika mikono ya kila mtu. Nisamehe. Nisamehe. Mke kwa mume, bosi kwa kibarua. Miaka yote, akimfikia Pailo, Eapen alikuwa anashusha mikono na kuruka kwa anayefuata. Hata leo watu walikwisha kumwachia nafasi ya kuruka.

Hakuruka. Aliishika mikono ya Pailo. Ilikuwa na joto, yake haikuwa nalo.

"Nisamehe, Eapen," alisema Pailo, kama kila mwaka.

"Nimekusamehe."

Aliitoa sauti kavu, kama mtu anayesoma bei ya utomvu wa mpira. Mstari ulisimama. Aleyamma alijifunika mdomo kwa ncha ya sari. Pailo alimtazama.

"Ndugu yangu," alisema polepole, "mimi nilikukosea nini?"

"Ulinisamehe," alisema Eapen. "Mwanao Rahel alikuwa kwenye jeneza, damu yake haijaoshwa kwenye magurudumu ya pikapu yangu, nawe ukasimama mbele ya watu wote hawa ukanisamehe."