Siku Tatu za Kukohoa

Protasi alikataa kukunja mkono wa shati.

"Mwaka jana mlinichanja hapahapa," alimwambia muuguzi. "Nikaugua mafua vilevile. Sasa faida yake nini?"

Muuguzi, binti wa rika la wajukuu zake, aliirudisha sindano kwenye sinia. "Babu, uliugua siku ngapi?"

"Tatu. Nilikohoa, kisha nikarudi shambani."

"Basi hiyo ndiyo faida. Chanjo haizuii kila mafua, lakini mara nyingi huyapunguza makali, mtu asifike kulazwa."

Protasi aliutazama mkono wake, ngozi iliyolegea juu ya msuli uliozoea jembe. Yeye na mkewe walianza kuugua wiki ileile. Yeye alikohoa siku tatu. Mkewe alibanwa kifua, akalazwa, akawekewa oksijeni, na siku ya tisa akafariki. Mwaka mzima Protasi aliamini kuwa Mungu ndiye aliyechagua.

Lakini siku ile ya chanjo, mwaka jana, mkewe alikuwa ameshajifunga kitenge chake cha kutokea. Ni yeye Protasi aliyemwambia mlangoni, "Wewe baki uanike maharage. Mafua tu hayo."

"Babu, vipi? Unaumwa?"

"Mnafunga saa ngapi?"

"Saa tisa."

Alikunja shati mpaka begani, akageuza uso ukutani.

"Choma upesi, mwanangu. Nina dada yangu mkubwa kule Nyamahanga, naenda kumleta."