Chai ya Njia ya Birmingham

Walisimama kituo cha mafuta, katikati ya safari ya kutoka London kwenda Birmingham kutazama besiboli. Lusekelo hakuujua mchezo huo. Alikuja kwa sababu mkewe alialikwa na nesi mwenzake, mwanamume Mkenya mwenye gari, na yeye Lusekelo hakutaka waende wawili tu.

Mkenya alirudi na chai. Alimpa mke wa Lusekelo kikombe bila kumwuliza neno.

"Shemeji, wewe sikujua unakunywaje," akasema. "Nimekuletea sukari kando."

Mkewe alionja, akafumba macho, akatabasamu. Lusekelo akamsogezea sukari.

"Vijiko viwili, kama kawaida."

"Situmii sukari siku hizi."

"Tangu lini?"

"Tangu mwaka juzi."

Kila asubuhi, kabla mkewe hajaenda zamu, Lusekelo ndiye aliyemkorogea chai.

"Na ile ninayokupikia mimi?"

Mkewe alizungusha kidole juu ya kifuniko cha kikombe. "Huwa naimwaga. Sikutaka kukuudhi."

Chai ilikuwa ikimchoma Lusekelo kiganja, lakini hakuiweka chini. Alimgeukia Mkenya, akanyoosha mkono wa pili.

"Lete funguo, bwana. Kuanzia hapa naendesha mimi."