Siku Tano Lisbon

Masoud aliegesha gari mbele ya ofisi ya tiketi, barabara ya nane, Ngamiani, lakini hakushuka mara moja. Alijimiminia kwanza kikombe cha pili cha chai kutoka kwenye chupa. Tangawizi ilikuwa kali kuliko siku zote, na leo hakuilalamikia. Alikuwa amekuja kuivunja safari ya mkewe, na kazi hiyo aliitaka kwa moyo wote.

Mkewe, Saleha, alifundisha historia miaka thelathini pale Kigombe. Aliwafundisha watoto wa watu habari za Wareno mpaka mwenyewe akaanza kuota kwao. Alipostaafu akasema anataka siku tano tu Lisbon, aone walikotokea. Akaipanga safari kama alivyokuwa akipanga mitihani: Tanga hadi Dar, Dar hadi Istanbul, saa tisa za kusubiri uwanjani, kisha Lisbon. Akanunua soksi ndefu za kuzuia miguu isivimbe. Kuna siku alikaa kwenye kiti cha mbao saa saba, akiinuka kwa ajili ya swala tu, eti anauzoesha mgongo. Mume mwingine angecheka. Masoud alihesabu ni mara ngapi hakumwomba ruhusa.

Saleha angesafiri na dada yake, Samiha, aliyefiwa na mume ghafla mwaka huu. Samiha alikaa eda, bila kutoka wala kusafiri, na Saleha ndiye aliyemhesabia siku kwenye kalenda ya ukutani, miezi minne na siku kumi, bila kumpunguzia hata moja. Ndivyo Saleha alivyo. Sharti la dini halivunji, hata awe hoi kitandani. Samiha alitoka eda Ijumaa iliyopita, na tiketi zilikuwa za mwezi ujao.

Ndipo Masoud alipoifungia pasipoti ya mkewe ndani ya kabati la chuma, ufunguo akauvaa shingoni. Saleha hakuugombania. Mara ya mwisho kumbishia mumewe alivunjika mkono, na majirani wakaambiwa ameteleza kisimani.

"Maadamu mimi ni hai, hii haitoki," Masoud alimwambia jana.

Saleha akasema, "Haya, mume wangu." Akaenda kukuna nazi.

Leo aliamka kabla yake, akamjazia chupa ya chai ya safari, akamsindikiza mpaka kwenye gari. Masoud alijua maana yake. Mwanamke amenyooka. Hata hivyo, tiketi lazima ifutwe, asije akapata wazimu tena.

Akashuka na chupa yake, akaingia. Mezani alikuwepo Devota, binti wa Kishambaa mwenye msalaba mdogo shingoni. Akamwamkia shikamoo, Masoud akaitikia, akavuta kiti na kumweleza kwamba yeye ni mume wa Mwalimu Saleha, na kwamba safari ile ya mwezi ujao haipo tena.

"Mbona mwalimu mwenyewe ameshaiondoa?" Devota alisema. "Kapiga simu leo asubuhi, ndiyo kwanza nafungua mlango."

Kwa mara ya kwanza wiki ile Masoud alitabasamu. Kumbe yeye angeweza kubaki tu nyumbani. Akajimiminia chai iliyobakia, akainywa taratibu kwa raha ya mtu aliyeshinda, huku Devota akibonyeza kompyuta yake. Chai ilimchoma tumbo, akajipapasa kidogo chini ya mbavu.

"Ila hakuifuta, mzee. Kaisogeza mbele tu."

Masoud alimuuliza mpaka lini.

"Hapo ndipo aliponishangaza. Nilimpa tarehe tatu nzuri, zote akazikataa. Nikamwambia hii hapa ni siku mbili tu kabla ya hiyo unayoitaka, akasema hata siku moja haiwezekani, ni dhambi." Devota aliigeuza kalenda ya mezani ili mzee aione vizuri. Tarehe moja ilikuwa imezungushiwa wino mwekundu. "Ikabidi tuhesabu wote kwenye simu, yeye huko na mimi hapa. Miezi minne na siku kumi, kuanzia leo."

Masoud akakiweka kikombe mezani. Kilikuwa kitupu.