Hewa Iliyolala Chini

Mshumaa ulizimika kabla haujafika sakafuni. Magloire, mtaalamu wa gesi aliyeitwa na mkubwa wa mtaa, aliuwasha tena, akachuchumaa mlangoni na kuushusha polepole. Ukazimika palepale, usawa wa goti.

"Mazuku," alisema.

Nje, watu wa mtaa wa Katoyi walisogea karibu. Tangu asubuhi walikuwa wakinong'ona kwamba Wivine amemtilia mumewe sumu. Wawili walikula chungu kimoja, wakalala chumba kimoja. Kulipokucha, Kambere alikutwa amekufa kwenye mkeka, mkewe mzima kitandani. Mama Katungu, mzazi wa marehemu, alikataa mwanawe aoshwe mpaka ukweli ujulikane.

Magloire aliwaeleza. Mazuku ni gesi isiyo na rangi wala harufu, nzito kuliko hewa tunayovuta. Hutoka kwenye nyufa za mawe ya volkano. Nje upepo huitawanya. Lakini chumba hiki kilichimbwa chini kuliko barabara, na jana, kwa ajili ya mvua, mlango na dirisha vilizibwa kwa magunia. Gesi ikakosa pa kutokea. Ikajaa kuanzia chini, kama maji kwenye beseni, ikaisukuma juu hewa nzuri. Kitanda kiliinuliwa kwa matofali kukwepa unyevu, ndiyo maana haikukifikia.

Alimwuliza Wivine kama huwa anaamka kichwa kikimuuma. Wivine alijibu kwamba ndiyo, kila siku. Magloire alikitazama kile kitanda kilichoinuliwa, kisha akautazama mkeka.

Wivine alikuwa amekaa kwenye kigoda uani, mikono mapajani. Hakuwa amelia tangu asubuhi. Jirani alimpa chai. Aliishika mpaka ikapoa, akairudisha.

Mama Katungu alikuja akapiga magoti mbele yake. Alimwomba msamaha kwa maneno aliyomtupia mbele ya watu, akisema ni uchungu wa kuzaa uliomsemesha. Kisha akamshika mikono yote miwili.

"Mutoto yangu, bwana yako alikupenda. Alikuachia kitanda, yeye akalala chini. Usisahau ile hata siku moja."

"Ndiyo, mama."

Wanawake walianza kulia. Mmoja alisema wanaume wa namna ile wamekwisha Goma, na kwamba inafaa padri alitaje jambo hilo kwenye misa ya maziko. Wengine wakakubali. Wakamwuliza Wivine kama naye anataka hivyo.

"Ndiyo," alisema tena.

Tangu wiki ya harusi, kitanda kilikuwa cha Kambere na mkeka ulikuwa wa Wivine. Jana mume alirudi amelewa, akaangukia mkekani na kusinzia hapohapo, na Wivine, kwa kukosa pa kulala, akapanda kitandani.