Mkono wa Baba Ndeshi

Sheria inamruhusu mtu aliyeitwa kufanya kazi kwenye mitambo ya mbali aache nyumbani mbadala wake. Mbadala hufanana naye, hukumbuka yote anayoyakumbuka, na mwenyewe hajui kuwa ni mbadala. Kuuliza ni kosa.

Mimi sikumuuliza mume wangu. Nilimwomba Mungu anionyeshe, naye akanijibu kupitia darasa la jioni. Mwalimu Kiwelu alitufundisha kwamba joto hutoka kwenye kitu cha moto kwenda kwenye kitu cha baridi mpaka vilingane.

"Shikeni kijiko," akasema. "Mnahisi baridi kwa sababu kinawanyang'anya joto. Kitu kisicho hai hulingana na chumba kinamokaa. Mtu aliye hai, kamwe."

Wenzangu wakaitikia. Mimi sikuhisi baridi yoyote, nikadhani ni vidole vyangu vilivyozoea masufuria.

Jumapili, baada ya ibada, tulishikana mikono mezani kuombea chakula: mimi, mume wangu na binti yetu Ndeshi. Niliung'ang'ania mkono wa mume wangu mpaka akacheka.

"Mama Ndeshi, unanichumbia upya?"

"Nyamaza, tunasali."

Mkono wake haukuwa wa moto wala wa baridi. Ulikuwa kama kile kijiko. Nikajua.

Lakini mkono wa Ndeshi, upande wa pili, ulikuwa ukiniunguza.

"Mwanangu, una homa?"

"Sina, mama. Ninyi ndio mna mikono ya baridi. Wote wawili."

Nikasema amina, nikaanza kupakua wali.